Shule imehamia kwenye vishikwambi: mtoto wa miaka 12 bado anahitaji kitabu cha sayansi cha karatasi?

"Mwanangu ana miaka 12. Tangu muhula uliopita shule yao imeacha kugawa vitabu vya sayansi. Kila kitu kimo kwenye kishikwambi: sura za kitabu kwa PDF, video, maswali ya kubofya. Jioni anasoma, nikimuuliza anasema ameelewa, na kweli namwona ametulia na kazi yake. Majaribio yakirudi, nusu ya maswali kakosa, hasa yale ya kueleza kwa nini. Mwalimu ananiambia watoto hawa wamezaliwa na skrini, nisiwe na wasiwasi. Dada yangu anasema skrini zinaua akili, nimnyang'anye. Nimepewa pia kitabu cha sayansi cha mwaka 2004, sijui nimpe au nitamharibia. Je, watoto wa umri huu bado wanahitaji kitabu cha karatasi, au mimi ndiye ninayeng'ang'ania mambo ya zamani?"

Mzazi mwenzangu, hung'ang'anii mambo ya zamani. Kwa umri huo na kwa somo hilo, ningemtafutia kitabu kimoja cha karatasi kikae nyumbani. Ila usikilete ukitegemea kwamba kitafanya kazi peke yake. Katika maelezo yako naona matatizo mawili yaliyoshikana: chombo anachosomea na namna anavyosoma. La pili ndilo zito zaidi, lakini nianze na la kwanza kwa kuwa ndilo uliloniuliza.

Mwalimu wake ana nia njema, ila ushahidi haumuungi mkono. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 za tangu mwaka 2000 hadi 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye skrini. Kwa jumla waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi. Kama kuzaliwa na skrini kungekuwa dawa, pengo hilo lingepungua kadiri miaka ilivyosonga na vifaa vilivyozidi kuzoeleka. Badala yake lilizidi kupanuka. Na kuna jambo ndani ya uchambuzi huo linalokugusa moja kwa moja: pengo lilionekana kwenye matini za maarifa, zile zinazofafanua mambo, lakini kwenye hadithi halikuonekana. Kwa hiyo mtoto kumaliza riwaya nzima kwenye simu si dalili kwamba sura ya nishati itamwingia kwa njia hiyohiyo.

Lakini nisitie chumvi. Pengo lenyewe ni dogo, wengi wa waliopimwa hawakuwa na umri wa mwanao, na wastani wa maelfu ya watu haukwambii kwa uhakika habari za mtoto mmoja. Mtu akikuahidi kwamba karatasi itampandisha mtoto kutoka mkiani hadi kileleni, jua kuna kitu anauza.

Dada yako naye amevuka mpaka. Skrini haiui akili. Macho huchoka mbele ya skrini kwa sehemu kubwa kwa sababu tunapepesa mara chache na uso wa jicho unakauka. Kusoma kitu cha karibu kwa saa nyingi huyachosha hata kama ni kitabu. Isitoshe, wapo watoto ambao skrini ndiyo inayowawezesha kusoma: mwenye uoni hafifu anayehitaji kukuza herufi, au mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, anayesaidika akisomewa kwa sauti huku macho yakifuata maneno. Kwa mtoto kama huyo ningekujibu vingine kabisa.

Sasa tuje kwenye sababu zenyewe. Chukua sura ya umeme, maana ndiyo inayowaangusha wengi wa umri huu. Ukurasa una michoro miwili ya sakiti, yaani njia ambayo umeme unapita. Katika wa kwanza balbu mbili zimeungwa kwa mfululizo: waya unatoka kwenye betri, unapita balbu ya kwanza, unapita ya pili, unarudi kwenye betri. Katika wa pili balbu hizohizo zimeungwa sambamba, kila moja ina njia yake. Chini ya michoro kuna aya inayosema: linganisha mkondo wa umeme katika nukta A, B na C zilizowekwa kwenye waya.

Kitabu kikiwa wazi mezani, mtoto anaweka kidole kwenye nukta A, jicho linashuka kwenye aya, linapanda, linahamia mchoro wa pili, linarudi. Hata hajui kwamba amefanya kazi. Kwenye kishikwambi amekuza ukurasa ili herufi zisomeke, na mchoro umeshatoka nje ya kioo. Kila akitaka kulinganisha anasogeza juu, anatazama, anakariri alichokiona, anasogeza chini, anautafuta mstari aliokuwa akiusoma. Uwezo wa akili kushikilia mambo kwa wakati mmoja ni mdogo kwetu sote, na kwa mtoto anayekutana na mkondo wa umeme kwa mara ya kwanza umeshajaa. Nguvu aliyopaswa kuitumia kufikiri inaishia kwenye kusogezasogeza. Wataalamu wa ujifunzaji kama John Sweller na Richard Mayer wamelionyesha jambo hili katika majaribio mengi: maelezo yakitenganishwa na mchoro wake, mwanafunzi huelewa kidogo kuliko vikikaa pamoja.

Hapo tuwe waadilifu. Kosa si la kioo. Ni la ukurasa uliopangwa kwa ajili ya kitabu kisha ukabanwa kwenye kioo kidogo. Kitabu cha karatasi kinachoweka mchoro ukurasa mmoja na maelezo yake ukurasa wa nyuma kina ugonjwa huohuo, na vipo tele.

Sababu ya pili ni kwamba jambo lililo kwenye ukurasa lina mahali pake. Mwaka 2013 Anne Mangen na wenzake nchini Norwe waliwapa wanafunzi 72 wa darasa la kumi matini zilezile, baadhi kwenye karatasi na wengine kwa PDF kwenye kompyuta. Wa karatasi walipata alama nzuri zaidi katika ufahamu. Maelezo mojawapo waliyotoa watafiti ni kwamba kusogeza matini juu na chini humpotezea msomaji picha ya mahali kila jambo lilipo. Kwa sayansi hili ni kubwa, kwa sababu sayansi ni somo la kurudi nyuma. Huwezi kumaliza usanisinuru bila kurudi kwenye muundo wa jani, wala kuelewa msongamano bila kurudi kwenye tungamo na ujazo. Mwenye kitabu anakumbuka kwamba ile jedwali ilikuwa upande wa kushoto, karibu na mwanzo wa sura. Mwenye faili refu anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, anapewa majibu thelathini, anakata tamaa.

Sababu ya tatu ndiyo uliyoieleza mwenyewe bila kujua: "anasema ameelewa." Simdhanii kwamba anakudanganya. Mwaka 2011 Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith waliwapima watu wazima, wanafunzi wa chuo, wakisoma matini za maarifa. Walipoachiwa wajiamulie wenyewe muda wa kusoma, wa skrini walipata alama za chini kuliko wa karatasi, na bado walijitabiria alama nyingi kuliko walizopata. Yaani skrini iliwapunguzia uelewa na pia ikawavuruga kipimo cha kujijua. Mtu anayeamini ameelewa hana sababu ya kusoma tena. Kifaa tumekizoea kwa kupitisha macho haraka, ujumbe baada ya ujumbe, na tabia hiyo huingia nasi hata kwenye sura ya nguvu za mvutano. Ukiongeza arifa zinazochomoza juu ya kioo, umakini unakatwa vipande kabla haujatulia.

Kwa hiyo kitabu cha karatasi kina nafasi yake, na si wewe peke yako uliyefika hapo. Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokwenda mbali katika kuweka vifaa vya kidijitali darasani, na mwaka 2023 serikali yake ilitenga kronor milioni 685 kwa ajili ya vitabu vya shule. Mwaka huohuo ripoti ya UNESCO kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza kwamba teknolojia itumike pale inaposaidia kujifunza kwelikweli, na isichukue nafasi ya mwalimu.

Lakini mbona maswali ya "kwa nini" ndiyo yanayomwangusha? Hapo karatasi peke yake haitoshi. Mtoto wa miaka 12 haingii darasani na kichwa kitupu. Anaingia na nadharia zake, na nyingi zina mantiki. Kuhusu ile sakiti ya mfululizo, wengi wanaamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya umeme na ya pili hupata makombo. Akisoma kwamba "mkondo ni uleule katika sehemu zote za sakiti ya mfululizo", atauandika mstari huo, ataukariri, atapata alama kwenye swali la kujaza nafasi. Ukimwambia aeleze kwa nini balbu zote mbili zinawaka sawa, anarudi kwenye nadharia yake ya makombo, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Kinachohamishwa na kupungua katika balbu ni nishati. Mkondo wenyewe haupungui. Mtoto hawezi kuitenganisha nishati na mkondo kwa kupitisha macho, iwe kwenye karatasi au kwenye kioo.

Inayomtikisa ni hatua ya kutabiri kwanza, kisha kuona alivyokosea. Na hapa ndipo ninapokuomba usimnyang'anye kifaa. Kuna mkusanyo wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure. Mtoto anajenga sakiti yake, anaweka amita, kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya ya pili. Namba zinatoka zilezile. Akiondoa balbu moja kwenye mfululizo, zote zinazimika; akiondoa moja kwenye sambamba, nyingine inaendelea kuwaka. Hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha hayo. Sharti langu ni moja: kabla hajagusa kitu, aandike kwenye daftari anatarajia amita zitasoma nini na kwa sababu gani. Bila huo utabiri, ni mchezo wa kubofya tu, na watoto ni hodari wa kubofya kila kitufe bila kujifunza lolote.

Kuna jambo jingine linaloshinda mjadala wote wa karatasi na skrini. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini za kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likaifunika na kuandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiuliza wenyewe walikumbuka takriban asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Jaribio la darasani haliji baada ya dakika tano. Kwa hiyo ningelazimishwa kuchagua kati ya mtoto mwenye kitabu kizuri anayekisoma tena na tena, na mtoto mwenye PDF anayeifunika na kujieleza, ningemchagua wa pili bila kusita.

Kiutendaji, ningefanya hivi. Kitabu kimoja kinachofuata mtaala wao kikae nyumbani, kisibebwe kwenda na kurudi. Mgongo wake utakushukuru. Kikishindikana, chapisha ile sura wanayosoma tu, maana kurasa chache za karatasi zinatosha kwa kazi ngumu ya wiki. Yapo mashirika yanayotoa vitabu vya sayansi vya bure unavyoweza kuvipakua na kuvichapisha. CK-12, lililoanzishwa 2007, ni mojawapo. Na kama karatasi haipatikani kabisa, zima intaneti kwenye kifaa wakati wa kusoma, kilaze kwa upana ili ukurasa uonekane mzima, na michoro aichore mwenyewe kwenye daftari ili iwe pembeni anaposoma maelezo. Hilo la mwisho linaondoa sehemu kubwa ya tatizo la kusogezasogeza. Video ziwe za mwisho, baada ya kujaribu kueleza mwenyewe.

Usikiabudu kitabu kwa sababu tu kimechapishwa. Mwaka 1999 Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi kilichambua vitabu vya sayansi vilivyotumika sana kwa madarasa ya umri wa mwanao na hakikupata hata kimoja cha kuridhisha; vilijaa maelezo mengi yaliyotawanyika bila kumjengea mtoto wazo moja likakamilika. Miaka miwili baadaye mwanafizikia John Hubisz na wenzake walipitia vitabu 12 vya sayansi ya maumbile vya madarasa hayo wakakuta makosa ya ajabu: ramani iliyopitisha ikweta kusini mwa Marekani, na picha ya mwanamuziki Linda Ronstadt iliyoandikwa kuwa ni fuwele ya silikoni. Faili la kidijitali lingerekebishwa siku ileile. Kitabu hubaki na kosa lake hadi toleo jingine. Ukienda kuchagua, fungua sura moja unayoifahamu. Je, mchoro umekaa karibu na maelezo yake? Je, kinataja wazi mawazo potofu ya kawaida na kueleza kwa nini si sahihi, au kinamwaga fasili tu? Maswali ya mwisho yanauliza "taja" tupu, au yanauliza pia "eleza", "tabiri", "linganisha"? Na kiwe na faharasa nyuma. Kitabu cha sayansi kisicho na faharasa mimi nakirudisha kwenye rafu.

Cha 2004 mpe, kwa maelekezo. Msongamano, sakiti, seli, nguvu, mwanga, hali za maada: hayo kwa kiwango cha miaka 12 hayajabadilika, na huenda maelezo ya kitabu hicho ni matulivu kuliko ya vingi vya sasa. Pa kuangalia ni pachache. Kitasema sayari ni tisa. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari Agosti 2006. Jedwali la elementi litakuwa na mapengo mstari wa saba, kwa kuwa majina ya nne za mwisho, namba 113, 115, 117 na 118, yalipitishwa Novemba 2016. Kikieleza kilogramu kwa kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris, hiyo iliachwa rasmi 20 Mei 2019, na sasa kilogramu inategemea namba thabiti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika. Sura ya hali ya hewa ndiyo iliyochakaa zaidi: kaboni dayoksaidi angani ilikuwa karibu sehemu 377 kwa milioni mwaka 2004, na imeshavuka 420. Mwambie ayatafute mabadiliko hayo mwenyewe na kuyaandika pembeni kwa penseli. Hilo nalo ni somo la sayansi, pengine zuri kuliko sura yenyewe.

Usinichukulie neno langu, jaribu kwake. Chagua sehemu mbili za urefu na ugumu unaolingana, moja aisome kwenye karatasi, nyingine kwenye kishikwambi. Baada ya kila moja muulize: kati ya maswali kumi utapata mangapi? Andika anachosema. Kesho yake, vyote vikiwa vimefungwa, muulize maswali hayo, mengi yakiwa ya "kwa nini". Wiki inayofuata rudia kwa sehemu nyingine, ukianza na chombo kingine. Jaribio moja halithibitishi kitu, lakini ukiona mara kadhaa kwamba utabiri wake unapaa juu ya alama zake akisoma kwenye kioo tu, umepata jibu la mtoto wako, ambalo ni bora kuliko wastani wa utafiti wowote.

Kuna hali ambazo mimi kwa maandishi siwezi kuzitatua. Akilalamika kichwa kinauma baada ya kusoma, akikunja macho, au akisogeza kitabu na kifaa karibu mno na uso, mpeleke apimwe macho kabla ya kumnunulia chochote. Kisha fanya jambo hili dogo: msomee wewe kwa sauti ukurasa mmoja wa sayansi ambao hajausoma, halafu muulize maswali. Akielewa vizuri anaposomewa lakini anakwama anaposoma mwenyewe, kwenye karatasi na kwenye skrini vilevile, tatizo huenda liko kwenye usomaji wenyewe, na anahitaji kupimwa ana kwa ana na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Akishindwa kwa njia zote, basi kuna msingi fulani wa somo ulioruka. Hapo aliye karibu zaidi na jibu ni mwalimu wake wa sayansi. Nenda na karatasi za majaribio aliyokosa na daftari lenye utabiri wake, umwombe akuonyeshe ni wazo gani hasa lililokosekana na lilifundishwa darasa gani.